Wasomaji Wanauliza: Mchochezi Akemewe na Nani?

Barua nne kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna Wakristo na Waislamu wa Mtwara na Lindi wanavyoweza kusimama pamoja pale anapotokea mtu wa kuwachonganisha. Kwa kuwa walioziandika wanaishi na watu wanaowataja, tumeficha majina yao na ya vijiji vyao. Kwa kawaida safu hii hujibu maswali mengi kwa ufupi. Safari hii nimeomba kurasa zote, kwa sababu mambo haya yakijibiwa nusunusu huacha kidonda.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja wilayani Masasi. Katika kundi la WhatsApp la vijana wetu imeletwa sauti ya mtu asiyejitaja, anayetukana Ukristo na kuwataka Waislamu wasije kwenye misiba yetu wala wasile majumbani mwetu. Vijana wamekasirika na wanataka kumwalika mhubiri kutoka Dar es Salaam aje na vipaza sauti, ajibu hapa hapa karibu na msikiti. Jirani yangu Mwislamu, ambaye ni mtu wa kuzikana nami, siku hizi ananikwepa. Nifanye nini? – Mwalimu wa kwaya, Masasi

Milele na milele, amina. Mwalimu, anza na swali ambalo vijana wako wameliruka: sauti hiyo ni ya nani, na imetoka wapi? Msemaji hajitaji, wala hukutuandikia kwamba ametaja msikiti, mji au siku. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa Mwislamu mwenye hasira zake, anaweza kuwa Mkristo anayeigiza, na anaweza kuwa mtu wa mbali kabisa anayeishi kwa kuuza fitina. Vijana wanaotaka kumjibu wamekwisha kukubali kwamba anawasemea jirani zao wote, ilhali hakuna jirani aliyemtuma.

Huku Kusini mambo haya yalikuwapo kabla ya simu. Mwaka 1908, miaka mitatu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza, barua iliyosemekana kutoka Makka ilinakiliwa kwa mkono na kupita mji hadi mji katika koloni la Wajerumani, Lindi ikiwemo, ikiwaonya Waislamu kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu, ikaiona kuwa mwito wa uasi. Barua ile haikuwa na mwenyewe wa kuulizwa, na nguvu yake ilikuwa hapo hapo. Kilichoongezeka leo ni kasi tu: ile ilihitaji karatasi, mwandishi na msafiri, nayo sauti yenu imeingia katika simu za vijana wote kwa dakika moja.

Nataja na mifano ya karibu zaidi, maana kuna wanaodhani nchi yetu haijawahi kuungua. Oktoba 2012, Mbagala jijini Dar es Salaam, watoto wawili walibishana kuhusu msahafu na mmoja akaukojolea. Lilikuwa jambo la kuwakutanisha wazazi wa pande mbili, sheikh na mchungaji, wakae walimalize. Badala yake umati ulikusanyika, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto kwa kosa la mtoto. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uliishia kwa mchungaji kuuawa. Ukizitazama habari zote mbili unaona kwamba palikuwa na saa, pengine siku nzima, ambapo watu wazima wangeweza kuingia kati, na saa hiyo ikapita wakati kila upande unawasubiri wa upande wa pili.

Kuhusu habari zisizo na mwenyewe, vitabu vyote viwili vimekwisha kusema. Katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, Qurani inawaamuru waumini wakiletewa habari na mtu mpotovu wazichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Kitabu cha Kutoka, mwanzoni mwa sura ya 23, kinamkataza mtu kuvumisha habari za uongo. Kijana wako aliyeileta sauti ile kundini bila kuuliza inakotoka amevunja agizo la kitabu chake mwenyewe, naye anadhani ameitetea imani.

Sasa niseme juu ya mhubiri mnayetaka kumwalika. Nakusihi, msimlete. Wenye umri wangu wanaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini ya miaka ya themanini na tisini, ambapo kila upande ulileta mtu wake aliyekisoma kitabu cha mwenzake kwa ajili ya kukishambulia tu. Watu walirudi nyumbani na hoja za kumkomoa jirani. Mhubiri atazungumza kwa siku mbili, atakunja vipaza sauti vyake, atapanda basi. Ninyi mtabaki na kisima kile kile, zahanati ile ile na mizani ile ile ya korosho kwenye chama cha msingi.

Hoja yangu ni hii, na nitairudia katika majibu yanayofuata kwa sababu naiamini sana: anayestahili kuwa wa kwanza kumkemea mchochezi ni mtu wa dini yake. Mwislamu akimtukana Mkristo, karipio la Mkristo litasikika kama vita, hata likiwa la haki na limesemwa kwa upole. Karipio la sheikh wake litasikika kama malezi, wala mchochezi hawezi kusema kwamba anaonewa kwa ajili ya imani yake. Ndivyo ilivyo pia kwa Mkristo anayemtukana Mwislamu. Kazi hiyo haipokelewi na mwingine kwa niaba.

Huko Jamhuri ya Afrika ya Kati watu wameishi hivyo penye hatari ambayo sisi hatujaionja. Vita vilipoingia Bangui mwaka 2013, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimpokea Imamu Oumar Kobine Layama nyumbani kwake, akaishi naye kwa miezi kadhaa, huku vikundi vyenye silaha vikiua watu kwa jina la dini zao. Askofu alisimama hadharani akasema kwamba wanamgambo wa Anti-Balaka hawana haki ya kuitwa jeshi la Wakristo. Imamu naye aliyalaani maovu ya Séléka, kundi ambalo wapiganaji wake wengi walikuwa Waislamu. Kila mmoja aliwageukia walio wake, na hilo lilihitaji ushujaa mkubwa kuliko kuwashutumu wa upande mwingine.

Basi chukua wazee wawili wa kigango, mwende kwa sheikh mchana kweupe, bila kundi la vijana. Mpeni aisikilize sauti yote. Msimwambie kwamba watu wake wamewatukana. Mwambieni kwamba imewafikia hii na mnaamini imemuumiza kama ilivyowaumiza ninyi. Mwombeni aizungumzie Ijumaa kwa maneno atakayoyachagua mwenyewe. Wala msiende mikono mitupu. Katika makundi ya vijana wetu wa Kikristo hupita picha na vichekesho vya kumdhihaki Mtume Muhammad na kuwadhihaki akina mama wa Kiislamu kwa mavazi yao, na sisi wazee tunavitazama na kunyamaza. Mwahidini sheikh kwamba katekista atavikemea Jumapili hiyo hiyo, na avikemee kweli. Sauti ile ifutwe katika kundi lenu. Lakini ikiwa ndani yake kuna mwito wa kupiga, kuchoma au kuua, ihifadhiwe na ipelekwe polisi siku hiyo hiyo bila kusubiri vikao, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inamkataza mtu kuumiza kwa makusudi hisia za dini za mwenzake, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza uongo.

Na jirani yako usimsubiri. Yawezekana anakukwepa kwa aibu ya maneno ambayo hakuyasema yeye. Wewe unajua msiba wa Mkristo ulivyo kwetu: vijana wa Kiislamu hufika alfajiri na majembe, misa ikianza hukaa nje chini ya mkorosho kwa sababu ibada ile si yao na hakuna anayewalaumu, na jeneza likitoka kanisani wanajipanga kulipokea, na makaburini ndio wanaoshuka shimoni kulilaza. Mtu mliyefanyiana hayo anastahili ugonge mlango wake jioni ya leo.

Assalaam aleykum. Mwaka jana, mkesha wa Krismasi, vijana kadhaa wa mtaa wetu, sote Waislamu, tulikaa nje ya kanisa tukilinda pikipiki na baiskeli za waumini mpaka ibada ikaisha. Mzee mmoja wa msikitini ametuambia kwamba tumewatumikia makafiri. Je, tumefanya dhambi? – Kijana, Lindi mjini

Wa aleykumu salaam. Hukumu ya halali na haramu si ya mwandishi wa safu. Mwulize sheikh unayeiamini elimu yake. Ninachoweza ni kukuelekeza mahali pa kuanzia mazungumzo. Sura ya Al-Hajj, aya ya 40, inazitaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, kuwa mahali ambapo pangebomolewa kama Mwenyezi Mungu asingewakinga watu kwa watu. Al-Mumtahina, aya ya 8, haiwakatazi Waislamu kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, nchi ya mfalme Mkristo, Najashi, naye akakataa kuwarudisha kwa waliokuwa wakiwatesa.

Ninyi hamkuimba wala hamkusali ibada isiyo yenu. Mlilinda mali na roho za jirani wakati wanatekeleza haki ambayo Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu. Mzee huyo msimjibu kwa ukali. Mwendeeni pamoja na sheikh, mumsikilize. Nami naona deni kubwa sasa liko kwa vijana Wakristo wa mtaa wenu, ambao usiku wa tarawehe mwezi wa Ramadhani wanao uwanja wa msikiti wa kulinda kwa namna ile ile. Kama hawajafikiria hivyo, wasome hapa.

Assalaam aleykum. Ninafundisha madrasa katika kijiji cha kando ya Mto Ruvuma, Mkoa wa Mtwara. Tangu yale mauaji ya Kitaya watu wanatutazama vingine. Nikivaa kanzu kwenda gulioni nasikia minong'ono, na mwanangu shuleni wenzake wanamwita mashababu. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na ndugu zangu wengine ni Wakristo. Nimechoka kujitetea kwa kosa ambalo sikulitenda. – Mwalimu wa madrasa, Mtwara

Wa aleykumu salaam, mwalimu. Barua yako imeniumiza, na jibu langu nalielekeza kwa Wakristo wa kijiji chako kabla ya kukuelekea wewe.

Ndugu zangu, wale waliovuka Ruvuma Oktoba 2020 wakaua watu na kuchoma nyumba Kitaya walitoka katika kundi lililoanza mashambulizi Mocímboa da Praia, Msumbiji, tarehe 5 Oktoba 2017. Kabla hawajashika bunduki, wa kwanza kugombana nao walikuwa wazee wa misikiti ya huko huko, katika jimbo la Cabo Delgado. Waliwaona vijana wale wakiingia msikitini na viatu, wakiwazuia watoto kwenda shule za serikali, wakiwaita Waislamu wenzao wapotovu. Wakawapinga, wakawafukuza, na viongozi wa Kiislamu wakapeleka taarifa serikalini. Aprili 2020 katika kijiji cha Xitaxi vijana 52, kwa hesabu iliyotolewa na polisi wa Msumbiji, waliuawa kwa sababu walikataa kujiunga nao. Mwaka huo huo misheni ya Kikatoliki ya Nangololo, iliyo katika nchi ya Wamakonde wenzetu, iliharibiwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2020 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wamehama makwao, Waislamu na Wakristo, kwa njia moja na kwa njaa moja. Mkristo wa Mtwara anayemnyooshea kidole mwalimu wa madrasa kwa ajili ya Kitaya anamhukumu aliyekuwa wa kwanza kuwindwa.

Tena anawafanyia wauaji kazi yao. Kundi kama lile haliwezi kuishi katika kijiji ambacho watu wanaaminiana, kwa sababu mgeni akiingia usiku atajulikana asubuhi. Linahitaji kijana aliyekataliwa, aliyeitwa muuaji tangu darasa la tatu mpaka akachoka kubisha. Ninapomfikiria mwanao anayeitwa mashababu uwanjani na mwalimu wa zamu amenyamaza, naona jambo la hatari kuliko minong'ono yote ya gulioni. Mwalimu mkuu lazima alizungumze mstarini, kwa jina lake, wiki hii. Na kama katika kijiji hicho yuko katekista, mchungaji au padri, yeye ndiye wa kulikemea mbele ya waumini wake. Mtoto wa Kikristo aliyelitamka neno hilo alilisikia nyumbani kwa mtu mzima, na mtu mzima huyo Jumapili yuko kanisani.

Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mwa Kenya, lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo hijabu zao wajifunike wasitambulike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 hospitalini. Wakristo waliobaki ndani ya basi lile walinusurika kwa sababu Waislamu walikubali kufa nao. Ningependa habari hii isimuliwe katika kila kigango cha kando ya Ruvuma, maana ya Kitaya tunaisimulia sana na hii hatuisimulii.

Nawe, mwalimu, hudaiwi kuomba radhi kwa niaba ya wauaji, na usikubali kudaiwa. Lakini una nafasi ambayo Mkristo hana. Wewe ndiye utakayemjua mapema mhubiri mgeni anayelala msikitini bila mwenyeji, wewe ndiye utakayesikia mwanafunzi akisema kwamba baba yake ni kafiri kwa kuwa anamsalimia padri. Mambo hayo yakitokea, usiyazungushe moyoni ukihofia kwamba ukisema utakuwa umewasaliti Waislamu. Mwite mtoto, mwite mzazi, mweleze sheikh wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Milango ya madrasa iwe wazi. Siku ya Maulidi waalike mwenyekiti, mwalimu mkuu na katekista wakae jamvini, wawasikilize watoto wakisoma. Watu huogopa wasichokiona.

Najua utauliza kwa nini ni wewe unayepewa kazi zaidi wakati wewe ndiye uliyeumizwa. Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana nimeanza na wao, na gazeti hili likifika kijijini kwako mpe katekista kwanza alisome.

Mheshimiwa Mhariri, mama yetu mzazi ni mgonjwa sana. Yeye ni Mkristo wa Anglikana, sisi watoto wake wengi ni Waislamu kwa upande wa baba. Tumekwisha kuanza kubishana: wengine wanasema azikwe na sisi Kiislamu, wengine wanasema padri aitwe. Tunaogopa aibu msibani. – Mtoto wa kwanza, Newala

Mungu ampe mama nafuu. Jibu ni fupi. Mama azikwe kwa imani aliyoishi nayo, na kama bado anaweza kusema, aulizwe yeye kwa upole, mbele ya mjomba wenu na shahidi mmoja asiye wa ukoo. Mzazi habadilishiwi dini kitandani na watoto wanaompenda, na Qurani yenyewe, katika Al-Baqara aya ya 256, imesema hapana kulazimishana katika dini. Padri aitwe sasa, wakati mama anamtambua.

Ninyi watoto Waislamu hamtakuwa wageni katika msiba huo. Kaburi la mama ni lenu kuchimba, wageni ni wenu kuwapokea, na ibada ya kanisa mnaweza kuisubiri nje pasipo yeyote kuona vibaya. Sheikh wenu atawaeleza mipaka yenu kama mna wasiwasi. Kwa desturi zetu mjomba ndiye msemaji wa ukoo, basi mwombeni ayatangaze haya kwenye kikao cha ndugu kabla msiba haujafika, ili asitokee mtu wa mbali akaanzisha upya mabishano mbele ya maiti. Katika kikao hicho hicho mkubaliane kwamba mbuzi na kuku wa matanga watachinjwa na Mwislamu, mmoja wenu, ili watoto wote wa mama mkale sinia moja.